Kiganja cha Mzee Kihiyo

Siku hizi mlango humfungukia mwenye hati tu, kwa kiganja chake. Nyumba tuliinunua Machi kwa Mzee Kihiyo, lakini kampuni za kuhamisha hati zinashindana na mifumo yao haisomani. Basi kila jioni mzee huja kutufungulia.

“Shikamoo, mzee. Tunakusumbua jamani.”

“Marahaba, mama Eliya. Leo mnapika nini?”

“Tumenunua nyumba pamoja na mzee wake,” mume wangu hunung'unika.

Nilifunga siku saba nikimwomba Mungu mifumo isomane. Jana ujumbe ulikuja: imesomana. Imeangalia nani amekuwa akifungua mlango tangu Machi, ikamthibitisha kuwa ndiye mwenye nyumba.

Mzee Kihiyo aliusoma mara mbili, akavua viatu, akasema kwa upole, “Karibuni ndani.”