Kanga na Mayai ya Bibi Kuku

Palikuwa na Kanga, ndege wa maneno mengi, aliyependa kuwaamulia wenzake mambo yao. Siku moja ndege walimletea habari kwamba Kuku, ajuza aliyenyonyoka manyoya ya shingo, ameonekana akiatamia mayai.

“Kwa umri ule? Hana haya!” alisema Kanga. Akaenda kwake, wenzake wakimsubiri nje ya kichaka.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Nimetumwa. Umri wako wa kulea umepita. Jicho moja halioni. Kunguru akija, nani atamfukuza? Na ukifa, vifaranga utamwachia nani?”

“Hayo ni kweli,” alijibu Kuku bila hasira. “Ndiyo maana nilikuwa nakungoja wewe.”

Akainuka polepole. Chini yake palikuwa na mayai saba ya rangi ya udongo, yenye vidoadoa. Yalikuwa mayai ya kanga.

“Siku ile siafu walipovamia kiota chako uliruka. Nikakuita, hukugeuka. Nikayasukuma kwa mdomo, moja moja, hadi hapa. Wachukue wanao.”

Kanga aliinamisha kichwa. Alikuwa amewaambia wenzake kwamba alipigana na siafu mpaka yai la mwisho, na wote walikuja kumpa pole.

Akatoka nje. “Mwacheni bibi aatamie,” alisema kwa sauti ndogo. “Kunguru nitawafukuza mimi.”

Ndege wakamsifu kwa huruma yake, na kila sifa ilimuuma kuliko siafu.