Pumzi za Lusajo

Mtayarishaji Kaduma alimvisha Mama Lusajo hedifoni, asikie sauti ya marehemu mwanawe kabla haijaunganishwa na ya rapa mwingine kwenye wimbo mpya. Mama akafumba macho. Lusajo alichana mistari minne, akavuta pumzi, akaendelea.

"Hapo alipopumua," mama alisema. "Hebu rudisha."

Kaduma akarudisha, kisha akamwonyesha kwenye skrini vijilima vilivyokaa katikati ya maneno. "Pumzi zake ndizo hizi. Usijali mama, nazifuta zote. Kila msanii tunamfanyia hivyo, sauti itoke safi."

"Ziache, baba."

"Ni pumzi tu, mama."

"Hata wodini waliniambia hivyo. Kwamba ni pumzi tu, mwenyewe hayupo tena. Wakazima mashine."

Kidole cha Kaduma kilikuwa kimeshabonyeza kitufe cha kufuta. Vijilima vikatoweka, pakabaki mstari ulionyooka. Wimbo ukaanza upya. Lusajo akachana mistari minne, kisha mingine minne, kisha mingine, bila kupumua hata mara moja, na mama kwenye kiti alikuwa amebana pumzi yake, akisubiri mwanawe avute kwanza.