Mkutano wa Pedali ya Eko

Usijifanye hukuona. Ulipita mbele ya ofisi ya kijiji saa nne asubuhi, ukayaona mabenchi matupu, ukageuza uso kwenye alizeti kana kwamba ndiyo imekuita. Hivyo hivyo uligeuza uso walipochukua trekta la ushirika. Walipohamisha zahanati ulisema uko msibani. Mpaka leo marehemu hajajulikana.

Basi ulipokuwa ukitazama alizeti, Emiliana, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa ndani ya ofisi hiyo anaigombania pampu yako. Alikuwa na mtu mmoja tu: shemeji yake Chediel, mpiga gitaa wa kwaya, aliyepiga magoti sakafuni akichomeka nyaya za spika, gitaa mgongoni.

Afisa Antipasi wa ofisi ya juu alishasema wazi kwenye simu. Barabara ya huku nyuma ya Iguguno ni mbovu, yeye na kamati yake hawaji, watasikiliza kwa simu. Wakisikia kijiji kimejaa na kinakataa, pampu ya kisima inabaki. Wakisikia kimya, gari linakuja jioni kuing'oa, ipelekwe kwa wanaoihitaji.

Emiliana alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba. "Nenda tu, mama, utatusemea," walimwambia. Mume wake naye alisema hivyo hivyo, kikombe cha maji mkononi.

"Shemeji, hicho kidude ndicho kitajaza mabenchi?"

"Subiri uone."

Kilikuwa pedali ya eko ya wapiga gitaa, kijisanduku cha chuma cha kukanyaga, chenye rangi ya ugoro, cha mtindo wa zamani: ukisema neno kwenye maiki linakurudia, kila mara limefifia zaidi, kama kaseti iliyochoka. Chediel alikinunua Kiomboi kwa fundi redio, na roho ilikuwa bado inamuuma.

"Zilikuwa mbili zinazofanana, shemeji. Ya pili kaiwahi jamaa mwenye tai. Fundi anasema jamaa hakujua hata tundu la gitaa ni lipi. Huyo ni mwalimu wa kwaya ya Kinyangiri! Yule hafungui tai hata akipalilia. Mwaka huu kwenye mashindano wataimba kama malaika."

"Achana na malaika. Saa imefika."

Chediel akawasha. Kimya. Alikuwa amechomeka maiki kwenye tundu la kutokea sauti. Akageuza nyaya, akakizungusha mpaka mwisho kifungo cha marudio. Emiliana akakohoa kidogo tu. Kikohozi kikarudi, kikarudi tena, kikavimba, kikawa mngurumo uliotikisa madirisha. Kuku waliokuwa mlangoni walihama kijiji.

"Punguza, utaniua!"

"Nimepunguza. Hapo pazuri. Kila neno watu kama saba. Sema kwa sauti mbalimbali, shemeji, usiwe saba wa mama mmoja."

Wakaweka simu mbele ya spika. Antipasi akapokea.

"Haya, mimi na kamati nzima tupo hapa. Wananchi mpo?"

Chediel akakanyaga pedali. "Tupooo!" Emiliana akapiga kelele, kisha akatoa sauti ya babu, kisha ya msichana, na Chediel akadakia kwa besi ya kwaya. Tupo, tupo, po, po. Ofisi ikajaa watu wasiokuwepo.

Antipasi akaguna. "Mko wengi leo."

"Hata sisi tumeshangaa, mheshimiwa," Emiliana akasema.

"Na mnasemaje kuhusu pampu?"

"Haiondoki!" Doki, doki, doki. "Tutalala juu yake!" Hapo Emiliana hakuwa anaigiza. Alikumbuka miaka ya kuchota maji ya korongoni pamoja na ng'ombe, akiyachuja kwa kanga, na mtoto wake aliyeugua tumbo mpaka akabaki macho tu. Sauti ikamkatika. Pedali haikujali, ikayarudisha maneno yake moja moja, taratibu, kama kijiji kizima kinalia.

Ndipo punda aliyefungwa nje akaona na yeye achangie. Mlio wake ukapita dirishani, ukaingia kwenye maiki, wakawa punda saba.

Chediel akaficha uso kwenye gitaa.

"Mmekuja na mifugo?" Antipasi akauliza.

"Na yenyewe inakunywa, mheshimiwa."

Emiliana akasubiri jibu, ameshika ukingo wa meza mpaka vidole vikauma. Chediel akaanza kuchomoa nyaya polepole, kama mwizi anayetafuta mlango.

"Tumewasikia," hatimaye Antipasi akasema. "Ila mimi siamui peke yangu. Kazi hizi ni za vikao. Ngoja niwaulize wajumbe mbele yenu, msije mkasema tunajifungia. Wajumbe! Pampu ibaki?"

"Ibaki!" zikajibu sauti nyingi kwenye simu.

"Oyeee!" Emiliana akashangilia, kisha akamnong'oneza Chediel. "Wamekubali wote, shemeji! Umewasikia walivyo wengi? Hao ndio viongozi, wanafika kwenye vikao, si kama hawa wetu!"

Upande wa pili makofi yakalia, na mjumbe mmoja akakohoa. Kikohozi kikarudi, kimefifia. Kikarudi tena, kwa mbali, kama kaseti iliyochoka.

Emiliana akautazama mguu wa Chediel. Ulikuwa hewani, na pedali alikuwa ameishika mkononi, haina hata waya mmoja.

Mkutano mwingine ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Wewe, acha kusoma. Vaa viatu, uje na mdomo wako.