Kifaranga wa Darasa la Hesabu

Fundi cherehani alifumba macho, akabonyeza. Alipofumbua jicho moja, kompyuta ya maktaba ilikuwa imeshamjibu: HESABU, UMEFAULU.

Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Furaha ikamtokea puani, akakoroma. Mkutubi akamkata jicho.

Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kununua uzi. Ndivyo alivyoaga kila Alhamisi mwaka mzima, mpaka uzi ukajaa uvunguni mwa kitanda. Angesema nini kingine? Mama mkwe wake, aliyeuza vitunguu sokoni miaka thelathini, alikuwa na ulimi kama wembe. Akisikia mkamwana amerudi kusoma hesabu za sekondari, mtaa mzima ungekosa mbavu kwa kucheka. Bahati nzuri, Alhamisi mama mkwe naye hashindi nyumbani. Hupeleka goti lake kliniki.

Ila fundi hakusoma peke yake. Katika darasa la mtandaoni la maktaba alijiita Dada Sindano, na huko akakutana na mwanafunzi aliyejiita Kifaranga. Huyo Kifaranga asilimia alizipiga kichwani, chap chap, akamwelekeza mpaka zikamkaa. Dada Sindano naye akamfundisha pembetatu kwa mifano ya sketi.

Siku moja Kifaranga aliandika: "Nyumbani kuna mkali mmoja. Akijua nasoma, atanicheka mpaka nihame."

Fundi alimhurumia mtoto wa watu. "Usimjali," alimjibu. "Kuna watu wana roho ya korosho."

Sasa ujumbe ukaingia.

"Dada Sindano! Nimefaulu! Nataka kupiga vigelegele ila mkutubi ananitazama!"

Fundi akasoma mara mbili. "Mkutubi gani? Kwani uko wapi?"

"Maktaba! Leo nimeshindwa kungoja simu ya kuazima. Niko nyuma ya kabati la kamusi."

Kabati la kamusi lilikuwa hatua nne tu kutoka kwenye kiti chake. Akaandika upesi:

"Mimi niko mbele yake! Nami nimefaulu! Simama nikukumbatie, mdogo wangu!"

"Kwa pamoja! Moja, mbili..."

Fundi aliruka kutoka kitini, mkutubi apende asipende. Nyuma ya kabati, mama mkwe wake naye aliruka, mikono juu, macho yakimtafuta Dada Sindano.