Alama za Mpini Wangu

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, na anayebisha akaulize kwetu Kikoneni.

Mwaka tulipopandisha bendera yetu, tulikuwa tukilimiana mashamba kwa zamu, bila mwenyekiti wala karani. Ukilima kutwa shamba la mwenzio, aliyelima kando yako alitoa kisu akakukatia alama kwenye mpini wa jembe lako. Kujikatia mwenyewe kulikuwa mwiko. Mvua zikikaribia, mwenye alama nyingi ndiye aliyelimiwa kwanza.

Siku ya kuamua, wingu lilikuwa limeshatua juu ya vilima. Nikauweka mpini wangu mbele ya watu. Alama zilijaa kama mgongo wa mamba.

Mbodze, mjane aliyenifuata kwa alama, aliuchukua akaupitishia kidole gumba taratibu. Mpini wenyewe ulikuwa mweusi kwa jasho. Alama zangu zilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa sasa hivi.

"Mwanangu, nani alikukatia hizi?"

"Marehemu babu, mayo," nikamjibu kama mtoto kwa mama. "Alipenda sana kazi."

"Na leo asubuhi alifufuka akakukatia?"

Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Nami nilicheka, ningefanyaje? Yeye hakucheka. Alikuwa akilitazama wingu, na watoto wake watano walikuwa wakimtazama yeye.

"Twende," alisema. "Mvua haimngoji mwongo wala mjane."

Nikatangulia shambani kwake. Nililima hadi jua likatua, na jirani yangu mstarini hakutoa kisu.