Kina cha Tundu

Mlango wa choo ulipofungwa tu, Mchoraji alivuta kipanya, akabofya namba 15, kina cha tundu kwa milimita, kwenye kioo cha kompyuta, akaifuta, na mahali pake akaandika 50. Picha ya pini haikubadilika hata kidogo. Tundu lilibaki fupi vilevile. Namba tu ndiyo iliyosema uongo.

Akahifadhi, akachapisha karatasi, akakaa mikono mapajani kama mgeni mwenye adabu zake.

Aliyeingia chooni, mwenye kompyuta, alikuwa kaka yake wa kuzaliwa, mwalimu mkuu ambaye hata mkewe alimwita Mwalimu. Saa za jioni Mwalimu alishinda gereji na mashine yake ndogo ya kukereza vyuma, akijitengenezea vipuri vya gari lake kuukuu, maana madukani havikupatikana tena. Kukereza alijifunza mwenyewe. Kuchora ndiko kulikomtoa jasho, akamwita mdogo wake, mchoraji wa kiwanda cha madirisha.

Na mdogo mtu alimfundisha kweli, hilo lazima tulikubali.

"Kaka, kipimo hakiandikwi. Unagusa mwanzo wa mstari, unagusa mwisho wake, programu yenyewe inakwambia namba. Ukiuvuta mstari, namba inabadilika nao. Ukiandika ya kwako kwa mkono, umeudanganya mchoro."

"Na nikishachapisha?"

"Usipime karatasi kwa rula wala kwa jicho. Fuata namba. Namba ndiyo neno la mwisho."

Maneno hayo yalimkolea Mwalimu, mtu aliyependa sana neno la mwisho. Shuleni kwake, mtoto mmoja aliyetega msumari kwenye kiti cha mwalimu alikalishwa juu ya msumari uleule. Kisa hicho Mwalimu alikisimulia mezani akicheka mpaka machozi yakamtoka. Mkewe hakucheka. Aliendelea kumimina chai, mikono mirefu ya gauni lake imefungwa vifungo mpaka kwenye viganja, na joto lote lile.

Mchoraji aliijua siri ya ile mikono mirefu. Shemeji yake ndiye aliyechapa mitihani ya shule kwenye kompyuta ileile, na asubuhi moja alimkuta amekunja mikono ya gauni ili achape vizuri. Alama za vidole zilijaa kuanzia kiwiko, mpya juu ya zile zilizoanza kufifia.

"Usimwambie kitu, shemeji," mwanamke alimsihi, akishusha nguo haraka. "Atajua nimesema, na nitakayebaki naye ni mimi."

Hakumwambia mtu. Ila siku hiyo alikula yamini kwamba mwanamke yule atatolewa katika nyumba ile, na kwa kuwa Mwalimu hakuwa mtu wa kuachia chochote, njia ilikuwa moja. Shemeji mwenyewe hakumdokezea hata kidogo. Alitaka polisi wakija kuuliza, awe hana la kuficha.

Pini ilikuwa ya pedali ya breki. Tundu la katikati lilikuwa la grisi tu. Likiwa fupi, pini ni chuma kitupu. Likizama karibu na mwisho, pini inabaki mrija. Mguu mmoja mzito kwenye mteremko, basi, mambo yamekwisha. Na gari lile hakuliendesha mtu mwingine. Mkewe alikuwa na leseni, akaomba mpaka akachoka, na jibu lilikuwa lilelile: "Gari si sufuria."

Wiki iliyofuata Mwalimu alimwonyesha pini, imeng'aa. Mchoraji akaipokea, akaigeuzageuza kama anayeistaajabia, akachomeka njiti ya kiberiti ndani ya tundu. Njiti ikazama yote.

"Imetoka safi, kaka."

"Nimefuata namba," Mwalimu alisema, akifuta mikono kwa kitambaa. "Jumamosi gari linashuka mjini."

Jumamosi Mchoraji alivaa shati la kijivu, akajizoeza mbele ya kioo uso wa mtu aliyefiwa. Alipofika, gereji ilikuwa wazi, na mahali pa gari palikuwa na doa la mafuta tu. Moyo ulimruka kwa furaha, na hakuona aibu. Akaingia sebuleni kumpa shemeji pole kabla ya wakati wake.

Kwenye kompyuta alikuwa ameketi Mwalimu.

"Karibu, mdogo wangu. Ungewahi kidogo ungemkuta shemeji yako."

"Kaenda wapi?"

"Mjini, na gari. Nimemwambia apitie njia ya mlimani."

"Si ulisema gari si sufuria?"

Mwalimu alishika ncha ya pini pale kwenye kioo, akaivuta, na namba ya urefu ikakimbia nayo. Akalishika tundu, akalirefusha, akalifupisha. Namba yake ikabaki palepale: 50.

"Ulinifundisha vizuri sana. Namba isiyosogea imeandikwa na mkono wa mtu. Niliigundua kabla sijatoboa, nikatoboa hivyohivyo." Alizungusha kiti, akamtazama kwa upendo wa kweli. "Na kompyuta hii tunaigusa mimi na mke wangu tu. Wewe ni mwalimu wangu, ungeniharibia mchoro wa nini?"

Mchoraji alichomoa simu mfukoni, akampigia shemeji. Mlio ukasikika palepale mezani, pembeni ya birika la chai.

"Kaisahau," alisema Mwalimu, akinyoosha mkono kuizima. "Alivyofurahi kupewa funguo, leo hata mikono mirefu hakuvaa."