Kemshafti ya Shemeji

Shemeji yangu dereva aliilaza kemshafti mpya, ile fimbo ya chuma yenye nundu za kufungua vali za injini, juu ya meza yangu ya kazi kama mtu anayelaza kichanga. Ilikuwa bado inang'aa kwa mafuta ya kiwandani.

"Funga hii, shemeji. Ule mlima lori litaupanda likiimba."

Injini nilikuwa nimeshaifungua. Nikapitisha ukucha kwenye kemshafti ya zamani, nundu moja baada ya nyingine. Mkwaruzo hata wa dawa hakuna.

"Hii nzima," nikamwambia. "Lori la dizeli, la kubeba saruji, pambo hilo la nini? Limeanza lini kukosa nguvu?"

"Tangu ile ajali ya mteremkoni. Nilipotoka hospitali tu, nikakuta limekuwa konokono. Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, lakini wapi!"

Mpaka mwisho? Nikapanda kwenye kiti chake, nikafunua kapeti ya mpira. Upande wa chini, palepale pedali ya mafuta inapotua, palikuwa na kipande cha tairi chenye unene wa kidole, kikiizuia isifike mwisho. Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa bluu, mishono midogomidogo ya kwenda na kurudi.

Nikatazama kiraka cha mfuko wa ovaroli yangu. Uzi uleule, mkono uleule. Dada yangu, mke wake.

"Vipi, umeona kitu?" aliuliza kutoka chini, akipapasa kovu la kwenye paji.

Nikairudisha kapeti mahali pake, nikaikandamiza kwa goti.

"Rudisha hiyo kemshafti dukani, shemeji. Nguvu za kukufikisha nyumbani lori hili linazo."